Mama Riziki, nisaidie hesabu hii

Louisville, Kentucky, Marekani
Jumapili, 23 Novemba 2025

Mama Riziki mpendwa,

Bwana asifiwe sana. Hujambo wewe, hajambo Baba Riziki, na mguu wa bibi umepoa? Huku tuko wazima kwa neema ya Mungu. Amani keshanipita urefu, Furaha kang'oka meno mawili ya mbele, na kitinda mimba wetu sasa anaota kwa Kiingereza, namsikia usiku.

Najua umenikasirikia na una haki. Miezi minne bila neno ni mingi. Ujumbe wako wa sauti wa Septemba niliusikiliza mara tatu ndani ya gari kabla ya kuingia zamu, na kila mara nilisema nitajibu jioni. Jioni ikifika, mwili hauna hata nguvu ya kubonyeza simu. Ila leo kuna jambo limenikaa kooni, na hapa mjini hakuna mtu ninayeweza kulimwagia lote. Naandika kwa mkono, kisha nitazipiga picha kurasa zote nikutumie. Usisome haraka.

Jumanne iliyopita meneja aliniita ofisini. Bado niko kule kule kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali. Miaka sita sasa nasukuma mikokoteni, napokea mashuka yakitoka kwenye mashine ya kukaushia yana moto kama mkate wa tanuri, nakunja, napanga. Akanikalisha kitini, akanisifu, akasema wanataka niwe kiongozi wa zamu. Mshahara utatoka dola 17.50 kwa saa uwe dola 20. Niwape jibu Jumatano, kabla ya sikukuu yao ya Shukrani.

Nilitoka pale nikiwa nimekanyaga mawingu. Mimi, niliyefika mwaka 2017 nisijue hata kuuliza choo kiko wapi, leo niwe kiongozi wa watu 14! Nikampigia Baba Amani simu nikiwa bado na aproni, akapiga kelele ya furaha mpaka nikasogeza simu mbali na sikio.

Usiku tukakaa mezani na karatasi. Nilichukua ile ya shule ya Furaha, nikaandika nyuma yake. Dola 2.50 mara saa 40 ni dola 100 kwa wiki, yaani kama dola 433 kwa mwezi. Vizuri. Ondoa kodi ya jimbo, kodi ya mji, na makato ya uzeeni, inaondoka kama 60. Bado vizuri. Tatizo ni Medicaid. Hii ndiyo bima ya serikali inayotulipia daktari. Kwa watu wazima wa hapa Kentucky, inakoma mapato ya nyumba yakipita asilimia 138 ya kile wanachokiita mstari wa umaskini. Kwa nyumba ya watu watano mwaka huu wa 2025 mstari uko dola 37,650, kwa hiyo mpaka wetu ni kama dola 4,330 kwa mwezi. Leo, ukijumlisha changu na kile anacholeta Baba Amani kwa kusafisha maofisi usiku, tunafika 4,008. Nikikubali cheo tutafika 4,442.

Tutapita kwa dola 112, Mama Riziki. Mia moja na kumi na mbili. Hapo watoto watabaki na bima yao, maana mpaka wa watoto uko juu zaidi, lakini mimi na baba yao tutatolewa. Na wewe unajua sukari yake. Insulini, vile vijiti vya kupimia damu, daktari wa macho kila baada ya miezi sita, vyote hivyo leo havitugharimu karibu chochote. Bima ya kazini nikimwingiza na yeye ni dola 310 kila mwezi, na hata hivyo wataanza kulipa kwa uzito baada ya sisi kutoa 3,000 za kwanza mfukoni mwetu.

Kwa hiyo kati ya zile 433 nabakiwa na 63. Na bado hujagusa fudistempu, ule msaada wa serikali wa kununulia chakula. Kwa sasa kadi yetu inajazwa dola 380 kwa mwezi, na kwa hesabu yangu zitashuka zaidi ya 100. Yale marejesho ya kodi ya Februari, ambayo ndiyo hununua matairi na viatu vya watoto, nayo hupungua senti 21 kwa kila dola ninayoongezewa. Nilipiga mstari chini ya karatasi nikajumlisha, nikajumlisha tena kwa kikokotoo cha Amani. Naongezwa mshahara, na nyumba inapata hasara.

Baba Amani hakusema kitu. Alivuta kile kisanduku chake cha kupimia, akajichoma kidole, akaangalia namba, akakifunga. Kisha akaenda kuvaa viatu vya kazi.

Nitarudi kwenye hili, maana ndilo lililonifanya niandike. Ila kwanza nikueleze kuhusu watu wa hapa, kwa sababu mwaka jana uliniuliza kama ni kweli kuna Wazungu maskini, nami nikakujibu kwa neno moja tu.

Wapo wengi. Kentucky katika kila watu sita mmoja yuko chini ya ule mstari, na wengi wao ni Wazungu waliozaliwa hapa na babu zao walizaliwa hapa. Kazini niko na bibi mmoja wa miaka 61, tunakunja naye meza moja. Kwao ni kaunti ya Martin, milimani huko mashariki, saa tatu na zaidi kwa gari. Babu yake alichimba makaa ya mawe, baba yake pia, na wote wawili walikufa kwa mapafu, vumbi la makaa liliwamaliza. Huyu bibi alikuwa mtoto mchanga Rais Johnson alipofika kaunti yao mwaka 1964 kunadi vita yake dhidi ya umaskini. Rais alikaa barazani kwa mtu mmoja pale karibu na Inez, akapigwa picha, na picha ile ikazunguka Marekani nzima. Bibi anasema ndugu zake wamechoka na ile picha, kila baada ya miaka kadhaa wanakuja waandishi kuitafuta ile baraza. Wanachotaka wao ni kazi. Wachimba makaa wa jimbo zima leo wamebaki maelfu machache tu, na makaa yalipoondoka hakuna kilichokuja kukaa mahali pake.

Na kima cha chini cha mshahara hapa, ukitaka kujua, ni dola 7.25 kwa saa. Hakijasogea tangu Julai 2009! Mwaka huo wewe na mimi tulikuwa tunapanga mstari wa maji kule kambini kwetu Nyarugusu, Tanzania. Mtu akifanya kazi saa 40 kila wiki bila kukosa hata siku moja, mwaka mzima anapata dola 15,080, na mstari wa umaskini wa mtu mmoja peke yake mwaka huu uko 15,650. Mji wetu wa Louisville ulijaribu kupandisha hadi 9, baraza la mji likapitisha, lakini 2016 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikasema mji hauna mamlaka hayo. Sehemu nyingi wanalipa zaidi ya hapo kwa sababu hawapati watu, lakini sheria imebaki pale pale.

Sasa sikia. Mwezi huu serikali ya Marekani ilikuwa imefungwa kwa ugomvi wa bajeti, tangu 1 Oktoba hadi 12 Novemba. Siku yetu ya kujaziwa kadi ikafika, kadi ikabaki tupu. Kanisani kwetu wakaleta maboksi ya chakula, nami nikajitolea kugawa. Magari yalipanga foleni kutoka uwanja wa kanisa mpaka taa za barabarani. Kila gari likisogea, dereva anafungua buti, tunaweka boksi, maziwa, na kuku mmoja aliyegandishwa. Gari la tisa au la kumi likafungua buti, nikainua kichwa, nikamwona yule bibi wa kaunti ya Martin. Tulikuwa tumetoka naye zamu masaa matano kabla. Alikuwa bado amevaa fulana ya kazi, nami pia. Hakuinamisha uso. Alinishika mkono tu kupitia dirishani, akaushika kwa muda, nyuma magari yakaanza kupiga honi. Na nyuma yake? Dereva wa basi la shule, yule kijana anayepanga bidhaa usiku, mama wa dekea anayelea watoto wa Mama Neema. Karibu kila niliyemtambua kwenye foleni ile alikuwa na kazi. Wengine kazi mbili.

Familia ya Mzee Lubunga ndiyo inaniumiza zaidi. Walifika Desemba mwaka jana, wiki chache kabla mlango wa wakimbizi haujafungwa. Sheria mpya iliyosainiwa tarehe 4 Julai mwaka huu imewaondoa kwenye fudistempu wakimbizi wote ambao bado hawajapata grinikadi, yaani kibali cha kuishi hapa daima, nayo huwezi kuiomba mpaka utimize mwaka. Mzee ana miaka 67. Mama anaokota na kupanga nguo za mitumba kwa mshahara wa nusu siku. Tunapeana vyakula, unajua tulivyolelewa, lakini unga wa nyumba mbili hautoshi nyumba tatu.

Ndiyo maana nikakukumbuka wewe na kopo lako siku za posho ya chakula kambini. Ulikuwa unajaza, unapitisha kibao juu ya kopo, unamimina, unaita namba inayofuata. Wengine walilalamika ukikata sana, lakini wote tulijua umekata sawa. Posho ilikuwa ndogo, na mwaka 2023 ilipopunguzwa hadi nusu nyinyi mlibaki mnalia na mimi nalia huku. Hata hivyo kopo lile halikumwuliza mtu kama jana alilima kibarua kijijini Makere. Aliyelima na asiyelima walipata sawa, na cha kibarua kilikuwa chako. Hapa ukilima, wanapunguza kopo. Na tena kuanzia Januari 2027 watu wazima wengi watatakiwa kuonyesha saa 80 za kazi kwa mwezi ndipo wabaki na Medicaid. Sisi tutasamehewa kwa sababu ya mdogo. Lakini angalia mtu anavyobanwa: ukifanya kazi kidogo unatolewa, ukiongezwa senti unatolewa.

Sasa narudi pale pale mezani. Usiku ule Baba Amani alipoenda kazini, niliendelea na karatasi peke yangu. Na nikaona njia. Yeye analipwa dola 15 kwa saa, saa 15 kwa wiki. Akipunguza saa mbili tu kwa wiki, inatoka kama 130 kwa mwezi, na tunarudi chini ya mpaka. Mimi nachukua cheo, yeye anabaki na insulini yake, bima inabaki. Ni halali kabisa. Mama wa ofisi ya misaada mwenyewe ndiye aliyeninong'oneza kwamba wengi wanafanya hivyo.

Lakini nitamwambiaje? Wewe unamjua. Tangu mgongo ulipomtoa kwenye kazi ya ghala, saa zile 15 ndizo zinazomfanya atoke nyumbani akiwa amenyoosha shati. Zile fedha anazileta zikiwa kwenye bahasha, ananikabidhi mkononi kila Ijumaa, ingawa benki ipo. Nimwambie, mume wangu, fanya kazi pungufu kidogo, dola zako mbili tatu zinatuharibia? Nimefungua mdomo mara mbili wiki hii. Mara ya kwanza akawa anamfunga Furaha kamba za viatu. Mara ya pili akaanza yeye kusema jinsi atakavyowaambia watu wa kanisani kuhusu cheo changu.

Na cheo nakitaka. Ninyi msiniambie nikatae. Nimekifanyia kazi miaka sita.

Kuhusu ada ya Riziki, nitatuma dola 40 tarehe 5 mwezi ujao. Si zote ulizoomba, samahani. Zilizobaki nitajitahidi Februari. Usimwambie kwamba huku mambo ni magumu, mwache asome.

Niambie, Riziki amepangiwa shule gani? Bado anachora? Wale waliosemekana wangerudishwa wamerudishwa, au ni maneno tu? Mama Sifa alijifungua nini? Posho ya mwezi huu mmepata ngapi, na mafuta yamo? Bei ya dagaa Kasulu imefika wapi? Yule fundi cherehani anadai bado ile hela, au umemalizana naye?

Na hili la saa mbili. Jumatano asubuhi huku ni Jumatano jioni kwenu, kwa hiyo nijibu mapema, hata kwa sauti fupi. Ungekuwa wewe, ungemwambia Baba Riziki kabla hajala, au ungengoja amalize? Na ungeanza na cheo, au ungeanza na sukari?

Nakukumbatia.

Dada yako,
Mama Amani