Dawa ya maumivu ukiwa kwenye dozi

Swahiba wangu,

Pole sana kwa jino. Umeuliza kama unaweza kumeza dawa ya maumivu sasa hivi, ukiwa kwenye dozi ya amoksilini na metronidazoli, au usubiri dozi iishe. Usisubiri, utaumia bure. Parasetamoli haigombani na dawa hizo. Waweza kuzimeza zote kwa glasi moja ya maji. Wasiwasi wangu uko kwingine.

Soma tena ile bahasha ya amoksilini na metronidazoli. Kutwa mara 3 maana yake kila baada ya saa 8: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Hizo ni antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria, nazo unazimaliza hata shavu likinywea kesho. Dawa ya maumivu haimalizwi. Maumivu yakikoma, unaiacha. Wengi hufanya kinyume chake.

Parasetamoli ya miligramu 500 unameza vidonge 2, kisha unangoja saa 6. Visizidi 8 kwa saa 24. Hapa ndipo watu wanapoteleza: Panadol Extra nayo ni parasetamoli iliyotiwa kafeini, na dawa nyingi za mafua zina parasetamoli humo humo. Ukimeza ya bahasha, ukaongeza Panadol Extra, usiku ukanywa ya mafua, umekunywa dawa ile ile mara tatu. Kinachoumia ni ini, nalo halilalamiki mapema. Siku ya kwanza pengine ni kichefuchefu tu, au hakuna kitu. Ukigundua umezidisha, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama unajisikia mzima, kwa sababu dawa ya kuliokoa ini hufanya kazi vizuri zaidi ikiwahiwa ndani ya saa 8 tangu kumeza.

Parasetamoli isipotosha, ibuprofeni hutuliza maumivu ya jino vizuri: miligramu 400 kila saa 8 baada ya kula, isizidi mara 3 kwa siku. Hizi mbili huruhusiwa pamoja. Ibuprofeni isichanganywe na diklofenaki wala aspirini, maana hizo ni ukoo mmoja na zote hukwangua tumbo na kuzielemea figo. Lakini wewe unatumia dawa za presha, na ibuprofeni yaweza kuipandisha, kwa hiyo usiinunue kabla ya kumweleza mfamasia. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba asiiguse bila daktari.

Ukibadilishiwa antibiotiki ukapewa siprofloksasini au doksisiklini, mambo hubadilika. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu huzinasa tumboni, zikapita bila kufanya kazi. Na mwenye kifafa asichanganye siprofloksasini na ibuprofeni. Degedege huwa karibu zaidi.

Pombe iache kabisa mpaka saa 48 zipite baada ya kidonge cha mwisho cha metronidazoli.

Jambo linalonisumbua zaidi ni kwamba dawa ya maumivu hushusha homa, ukadhani umepona. Pima joto kabla ya kumeza kidonge kingine, si baada yake. Siku 2 au 3 zikipita na homa bado ipo, rudi kliniki. Uvimbe ukishuka shingoni, mdomo ukakataa kufunguka, au kumeza na kupumua kukawa kazi, nenda hospitali usiku huo huo. Hata mambo yakienda vizuri, usaha ulio chini ya jino hauishi kwa vidonge peke yake. Lazima litibiwe au ling'olewe, basi usiiache tarehe ya daktari wa meno.

Niandikie kesho uniambie joto lilikuwa ngapi.

Wako akupendaye.