Watoto walilamba majani ya mchu

Shoga yangu mpendwa,

Salamu kutoka Mtwara. Sisi wazima, kusi limeanza kulegea na mikorosho imechanua, ukipita njia ya Nanguruwe asubuhi utaisikia harufu yake. Natumai huko Kilwa Masoko mko salama wewe na watoto na mama.

Nilisema ntakupigia simu lakini hii habari ni ndefu, acha niandike. Jumamosi niliwapeleka watoto wangu wa darasa la tano Msimbati, kule Ghuba ya Mnazi, tuone mikoko. Nlichagua siku ya bamvua, yale maji makubwa yanayojaa na kutoka kupita kawaida, maana maji yanatoka mapema, saa nne hivi tope lote liko wazi. Tukakodi Coaster, tukapita Madimba pale kwenye mtambo wa gesi, huko mbele mchanga ukatukamata ikabidi wote tushuke tusukume, watoto ndo kwanza wanashangilia.

Shoga, mi nimefundisha "umuhimu wa mikoko" miaka sita ubaoni. Inazuia mmomonyoko, mazalia ya samaki, wanaandika wanakariri wanapata vema, basi. Ila siku hiyo mzee mmoja wa kijijini aliyetutembeza, mvuvi, aliwaambia kila mtu achume jani la mchu, aina mojawapo ya mikoko, alilambe. Wakalamba. Chumvi! Kelele ilivyopigwa hapo ungedhani kuna harusi. Akawaeleza kwamba mti unakunywa maji ya bahari afu chumvi ya ziada unaitoa kwenye majani, na vile vijiti vinavyochomoza kwenye tope kama penseli ni mizizi yake inapumua maana kwenye tope hewa hamna. Akawaonyesha na mkoko wenyewe, mbegu inaota ikiwa bado juu ya mti mamake, inarefuka kama bamia kubwa la kijani, ikidondoka maji yakiwa yametoka inaweza kujichoma kwenye tope na kuanza maisha hapohapo. Katoto kamoja kakauliza, kwa hiyo mama anambeba mpaka akue? Mzee akasema ndo hivo hivo. Nlitaka kulia.

Halafu tukawaona wale ndege weupe wenye mgongo mweusi wanaokula kaa, wana mdomo mnene mweusi, wako kundi zima pembeni ya maji. Wanazalia huko Uarabuni, wanachimba mashimo mchangani wanataga humo, wakishamaliza kuzaa wanashuka huku kwetu kula kaa mpaka msimu ugeuke. Yani kaa wa Msimbati wanalisha ndege kutoka Ghuba ya Uajemi, na mimi nimezaliwa Mikindani sikuwahi kujua!

Na hapa ndo kinachonikaa moyoni. Unakumbuka sisi tulivyolijua neno hifadhi? Hifadhi ilikuwa marufuku. Usikate, usivue, utakamatwa. Mjomba wangu alikuwa anakata boriti za mikoko usiku na sisi tulimwona yeye ndo kaonewa, hakuna aliyekuja kutukalisha chini akatuambia kwa nini. Asubuhi tunasikia baruti zinalia baharini tunakimbilia pwani kuokota samaki, hatujui kwamba pigo lile lile limevunja matumbawe na kuua vifaranga vya samaki ambavyo vingekuwa kitoweo cha mwakani. Kumbe sheria yenyewe ya hifadhi za bahari, ile ya 1994, imeandika kabisa kwamba elimu kwa jamii na kuwashirikisha wanavijiji ni sehemu ya kazi ya hifadhi. Na hii yetu ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa 2000, kilometa za mraba 650, siyo kama Serengeti, watu wanaishi humo humo ndani na vijiji vyao na mitumbwi yao. Sasa usipowaelimisha hao unamhifadhia nani? Askari hawezi kulinda kila mti. Ila mtoto aliyelamba jani la mchu akimwona babake ananoa shoka atauliza swali, na swali la mtoto nyumbani lina nguvu kuliko faini, mi naamini hivo.

Jumatatu mama mmoja alikuja shule. Nikajua kaja kulalamika nguo imechafuka tope. Kumbe anauliza, mwalimu, ni kweli kamba na samaki wadogo wanajificha kwenye mizizi ile? Maana yeye anachanja kuni za mikandaa, mikoko hiyo hiyo, kila wiki. Tuliongea karibu saa nzima pale chini ya mwembe.

Sasa wewe shoga, uko Kilwa! Rufiji, Mafia na Kilwa ni eneo la Ramsar tangu 2004, yani limo kwenye mkataba wa kimataifa wa ardhioevu, dunia nzima inalitambua, na mikoko unayo hapo hapo karibu, hata Coaster huhitaji. Tafadhali watoe watoto darasani. Tarehe 2 mwezi wa pili ni siku ya ardhioevu duniani, ndo siku ule mkataba uliposainiwa Ramsar, Iran, mwaka 1971. Tuifanye pamoja, wangu Msimbati wako Kilwa, afu watoto waandikiane barua wasimuliane walichoona. Tafuta mzee mvuvi awatembeze, siyo wewe na kitabu. Angalia mwezi kwanza ujue bamvua lini, na waambie waje pekupeku, viatu vitabaki kwenye tope.

Mmoja wangu kaondoka na mbegu ya mkoko, kaichomeka kwenye chupa ya maji ya chumvi dirishani darasani. Tunasubiri itoe majani.

Msalimie mama sana. Ntakutumia ming'oko na basi la Ijumaa.

Shoga yako,
Mama Tunu