Kelele hiyo ni ya gitaa au ya sabufa?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumzie uchambuzi wa albamu mpya za roki na muziki mbadala unaotoka kwenye kurasa za burudani. Ni jambo jema kwamba gazeti la Kiswahili linaugusa muziki huu. Ila neno moja limezidi: "kelele". Albamu ya magitaa ikishaitwa kelele, inapewa nyota mbili na mjadala unafungwa. Mchambuzi hasemi kelele hiyo inatoka wapi, na inaweza kutoka sehemu tatu zisizofanana hata kidogo.

Kuna kelele aliyoikusudia mpiga gitaa. Amplifaya ikisukumwa kupita uwezo wake, vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa vikawa bapa. Ukataji huo huzaa sauti nyingine za juu ndani ya noti ileile, na uzi uliopigwa mara moja huendelea kuvuma kwa muda mrefu. Huo ni ufundi. Mpigaji anaudhibiti kwa vidole na kwa kitasa cha sauti kilicho kwenye gitaa lenyewe.

Kuna kelele ya fundi wa masta, yule wa hatua ya mwisho studio. Akitaka albamu isikike kubwa kuliko za wenzake, hukata vilele vya muziki wote kwa pamoja: mwimbaji, dramu, besi, kila kitu. Mfano maarufu ni Death Magnetic ya Metallica, bendi ya roki nzito ya Marekani, mwaka 2008. Nyimbo zilezile zilitolewa pia kwenye mchezo wa video wa Guitar Hero bila kuminywa kiasi hicho. Mashabiki wakalinganisha, wakasikia dramu za kwenye mchezo zinapumua na za kwenye albamu zimebanwa, na maelfu wakatia saini kuomba albamu imiksiwe upya. Hao walikuwa wapenzi wa bendi, na malalamiko yao yalikuwa na anwani.

Halafu kuna kelele ya sabufa ya mchambuzi mwenyewe, na hii ndiyo ninayoishuku zaidi. Sabufa nyingi hapa Arusha, kuanzia Sakina hadi Njiro, zimepangwa kwa ajili ya Bongo Fleva na singeli, kitasa cha besi kimezungushwa hadi mwisho. Uzi mnene wa gitaa la besi ukiachwa wazi hutetemeka mara 41 kwa sekunde, ule wa gitaa la kawaida mara 82, na nguvu ya dramu ya mguuni iko hukohuko. Besi ikizidi, vyote vitatu vinakuwa uji mmoja. Rudisha kitasa saa sita. Toa boksi kwenye kona ya chumba, maana kuta zinapokutana huongeza besi ambayo bendi haikuirekodi. Simu ni tatizo la upande wa pili: spika yake ndogo haitoi karibu chochote chini ya mitetemo 200 kwa sekunde, hivyo gitaa la besi linatoweka na kubaki makali ya juu peke yake.

Kuzitenganisha kelele hizi tatu si kazi ngumu. Punguza sauti hadi kiwango cha mtu anayeongea, kisha sikiliza sneya, ile dramu ndogo yenye mlio mkali, na sauti ya mwimbaji. Mkwaruzo ukiisha, ulikuwa wa spika zako. Ukibaki kwenye gitaa tu huku sneya ikipiga "ta" safi, ni wa mpiga gitaa. Ukibaki kwenye kila kitu na sneya ikawa kama mtu anapiga boksi la karatasi, mlaumu fundi wa masta, na uandike hivyo.

Chukua Mdou Moctar, mpiga gitaa wa Niger. Mei 2024 alitoa Funeral for Justice, nyimbo 9 kwa Kitamasheki, lugha ya Watuareg, gitaa la umeme limechemka mwanzo hadi mwisho. Sikio la haraka litaita kelele. Lakini Februari 2025 bendi hiyohiyo ilitoa Tears of Injustice, nyimbo zilezile zikiwa zimerekodiwa upya kwa magitaa makavu, yaani yasiyo ya umeme, baada ya mapinduzi ya Julai 2023 nchini Niger kuwakuta ziarani Marekani wakashindwa kurudi nyumbani. Kwa mchambuzi hii ni bahati kubwa: ana wimbo uleule mara mbili, ukiwa na mkwaruzo na usipokuwa nao. Aweke "Oh France" ya kwanza, kisha ya pili. Kwenye gitaa kavu unasikia kidole kikiachia uzi na wimbo unakuwa maombolezo. Kwenye gitaa la umeme noti zinashikana bila pengo na maombolezo yanageuka shutuma. Mimi naona toleo la umeme ndilo zito zaidi, kwa sababu maneno yanaikabili Ufaransa na viongozi wa Afrika, na hasira hiyo inahitaji uzi usiokatika. Mwingine anaweza kubisha, na tutakuwa na kitu cha kubishania.

Au Songs of a Lost World ya The Cure, bendi ya roki ya Uingereza, iliyotoka tarehe 1 Novemba 2024, albamu yao ya kwanza ya nyimbo mpya tangu 2008. Wimbo wa kwanza, "Alone", unapita dakika 3 kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Anayerukaruka kutafuta kiitikio atasema imepooza. Gitaa la besi lina mkwaruzo wake na ndilo linalobeba sehemu kubwa ya albamu hii, kwa hiyo aliyeisikiliza kwa simu hajaisikia. Dosari ninayoiona iko katikati: wimbo wa 5, "Drone:Nodrone", unavunja ukimya uliojengwa taratibu bila kuleta chochote badala yake.

Mpangilio wa programu ya kusikilizia muziki nao uangaliwe. Kitufe cha kuchanganya nyimbo kizimwe. Ukilinganisha albamu mbili, washa usawazishaji wa sauti, ule unaoweka albamu zote kwenye kiwango kimoja cha ukubwa, maana sikio hudhani kilicho kikubwa kidogo ni kizuri zaidi. Bando lisibanwe kupita kiasi: albamu ya dakika 49 kwa kilobiti 320 kwa sekunde hula takriban MB 118, kwa kilobiti 96 ni MB 35 hivi, na hapo matoazi huanza kulia kama mafuta ya chipsi kikaangoni.

Mji huu uliotoa kundi la hip hop la X Plastaz una wasikilizaji wanaobishana hip hop mstari kwa mstari, vijiweni Kijenge na Ngarenaro. Wanaweza kusoma uchambuzi wa magitaa wenye dakika na sekunde ndani yake.

Tangu Julai 2015 albamu mpya duniani hutoka Ijumaa. Uchambuzi unaochapishwa Jumapili hiyohiyo umeandikwa na mtu aliyesikiliza mara moja, pengine nusu. Naomba msubiri Jumapili inayofuata, na chini ya kila uchambuzi mchapishe mstari mmoja: albamu imesikilizwa mara ngapi, kwa spika gani, kwa kilobiti ngapi.

Msomaji wako,
Kaloleni, Arusha