Sheria mpya za Texas zinaanza lini?

Mhariri,

Kila Bunge la jimbo la Texas linapofunga kikao chake, makundi ya WhatsApp ya Waswahili wa huku hujaa ujumbe: "Sheria imepita!" Imepita wapi? Muswada uliopitishwa na Baraza la Wawakilishi peke yake bado ni muswada. Seneti nayo lazima iukubali, kisha uende kwa gavana. Miswada inayomfikia mwishoni kabisa mwa kikao, ana siku 20 baada ya kikao kufungwa aisaini au aikatae. Akinyamaza, inakuwa sheria bila saini yake, jambo ambalo wengi hawalijui.

Hata hivyo, kusainiwa siyo kuanza. Kwa kawaida sheria husubiri siku ya 91 tangu kikao kufungwa, na nyingi hutaja zenyewe Septemba 1. Ili ianze papo hapo, inahitaji theluthi mbili ya kura katika kila baraza.

Naomba mnapoandika habari hizi mtaje namba ya muswada na tarehe ya kuanza kutumika. Sisi wenye maduka na watoto shuleni twaihitaji tarehe hiyo kuliko picha ya gavana akisaini.

Msomaji wenu,
Houston, Texas