Kombaini kuukuu isitoke Mombasa bila kibati chake

Mhariri,

Nina ombi kwa waagizaji wanaopitisha mashine za kilimo Kilindini. Kombaini kuukuu ya kuvunia ngano au mpunga isipakiwe lori kwenda bara kabla kibati chake cha namba hakijasomwa na kitabu chake cha spea hakijapatikana. Mimi nauza beringi, mikanda na sili za oili hapa Makupa, na kila msimu wa mavuno simu zinazonijia zinanionyesha hasara ya kulipuuza jambo hili.

Mashine hizi hufika zikiwa zimeshatumika miaka mingi Ulaya. Hupigwa rangi ili zimvutie mnunuzi, na rangi hupita juu ya kibati, ama kibati hung'olewa kabisa. Mnunuzi wa Narok au Mwea huondoka na jina la kampuni tu: Claas, Massey Ferguson, New Holland. Siku ngano imekauka na mawingu yametanda, ananipigia: "Mama, nataka beringi ya ngoma ya kupuria ya Massey." Massey ipi? Kiwanda hubadilisha vipuri hata ndani ya modeli moja. Kuanzia namba fulani ya mashine, shafti inakuwa nene zaidi au gia inaongezwa meno. Bila namba hiyo tunabahatisha, naye kibarua na dizeli vinamla.

Wengi wameshaamini kwamba spea za kombaini za zamani zimekwisha duniani. Kwa sehemu kubwa ya mashine si kweli. Beringi yenye namba 6206 ni ile ile, iwe imetoka kwenye kombaini, jenereta au pampu ya maji: tundu milimita 30, kipenyo cha nje 62, unene 16. Mkanda ulioandikwa B60 una upana wa milimita 17 kwa juu na urefu wa ndani wa inchi 60, haujali umefungwa wapi. Injini ya Perkins 6.354, yenye silinda 6, ilifungwa kwenye kombaini nyingi na pia kwenye malori na mashua, kwa hiyo ringi na gasketi zake bado zinatengenezwa. Shafti iliyolika, mkereza vyuma hodari wa hapa mjini huijaza na kuikereza upya, almuradi apewe kipimo cha asili.

Kipimo hicho ndicho kinachokosekana. Chukua beringi za UC206 na UC206-20. Kwa nje zote ni milimita 62 na huingia kwenye nyumba moja ya chuma, ukizitazama juu juu huzitofautishi. Ya kwanza tundu lake ni milimita 30, ya pili ni inchi moja na robo, yaani 31.75. Mteja wangu mmoja wa Tana River aliuziwa kwingineko ile ya inchi, na shafti yake ilikuwa ya milimita. Fundi alikaza skrubu akaona imeshika. Shafti ikazunguka ndani ya beringi mpaka ikalika, na mpunga ukabaki shambani ukikauka kupita kiasi. Mpunga wa namna hiyo hupasuka kinuni ukatoa chenga nyingi, na bei yake huanguka. Yote hayo kwa sababu ya milimita moja na kitu.

Kuna vipuri vingine havina mbadala dukani. Mkanda mpana wa kubadilishia mwendo haufanani na mkanda wowote wa gari, lazima uagizwe kwa namba yake kitabuni. Pau za ngoma ya kupuria, yaani vyuma vinavyopiga masuke, nazo hubadilishwa mbili mbili zinazotazamana, zenye uzito sawa. Ukibadilisha moja, ngoma inayozunguka mara mia kadhaa kwa dakika hutikisika na kuziua hata beringi mpya. Nikiombwa pau moja huwa siuzi, na wapo walionikasirikia.

Wapo wanaotaka mashine kuukuu zizuiwe bandarini. Sikubaliani nao hata kidogo. Mwenye ekari chache hana uwezo wa kununua kombaini mpya. Hukodi ya jirani, na ya jirani mara nyingi ndiyo hiyo kuukuu. Ukiizuia, umemrudisha kwenye mundu na fimbo ya kupuria.

Mwagizaji anaweza kupiga picha ya kibati kabla ya kuguswa na rangi, na anaweza kumdai kitabu yule anayemuuzia Ulaya kabla hajamlipa pesa ya mwisho. Akishatuma pesa yote, hatajibiwa. Nanyi wenye mashine, mkishamaliza mavuno fungueni vifuniko, futeni grisi, nakilini namba za kila beringi na kila mkanda kwenye daftari, kisha mniagizie mapema. Beringi mbovu msiitupe, nitumieni hata kwa basi, maana namba ikifutika bado naweza kuipima.

Wizara ya Kilimo nayo naiomba ilazimishe namba ya mashine iandikwe kwenye risiti ya mauzo, mstari mmoja tu chini ya bei.

Muuza beringi,
Makupa, Mombasa