Kwa nini tunavitoa viazi vya kijani kwenye mzigo wako

Swali tunaloulizwa sana na wateja ni hili: kiazi kikiwa na kijani, si nikate tu ile sehemu nipike? Jibu linategemea kijani kimeenea kiasi gani. Lakini kwanza tukitetee hicho kijani, maana kinasingiziwa.

Rangi yenyewe haina kosa. Ni klorofili, ileile iliyomo kwenye mboga za majani. Kiazi si mzizi, ni shina lililonenepa chini ya ardhi, kwa hiyo kikipigwa na mwanga kinabadilika rangi kama shina lolote. Tatizo ni kwamba mwanga huohuo unakichochea kuongeza sumu zake za asili, solanini na chakonini, silaha yake dhidi ya wadudu na wanyama wanaokitafuna. Sumu hizo hazina rangi. Dalili ya mvua ni mawingu, na kijani ndiyo mawingu yetu. Ila kuna mvua isiyo na mawingu: kiazi kilichochubuka au kupondeka njiani huongeza sumu hata gizani, bila kubadilika rangi. Ndiyo maana tunawasumbua sana wapakiaji wetu wasiyatupe magunia.

Kila kiazi kinazo sumu hizo kidogo. Kizuri huwa na takriban miligramu 20 hadi 100 kwa kilo, na kikomo kinachotumika kwa kawaida ni 200. Nyingi ziko kwenye ganda na chini yake kidogo, kwenye macho, na zaidi ya kote kwenye machipukizi. Kumenya kunapunguza sana. Kupika, hapana. Joto la maji yanayochemka haliziharibu, na hata mafuta ya kukaangia hayazimalizi. Mtu akikwambia chemsha mara mbili umwage maji, amekupotezea gesi tu.

Miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili zinatosha kumfanya mtu augue, na wengine huugua kwa kiasi pungufu ya hicho. Mtoto wa kilo 20 basi anahitaji miligramu 40, na hizo zinapatikana kwenye gramu 200 tu za kiazi kilichofika kwenye kile kikomo. Huanza kichefuchefu, tumbo kusokota, kutapika na kuhara, mara nyingi saa kadhaa baada ya kula, kwa hiyo lawama huangukia chakula kingine. Ikizidi, sumu inagusa mishipa ya fahamu: kichwa kinauma, mtu anachanganyikiwa, hata kuzimia. Hapo ni hospitali, si dawa ya tumbo ya nyumbani.

Mwaka 1969 wavulana 78 wa shule moja ya London waliugua baada ya kula viazi vilivyobaki kwenye gunia tangu muhula uliotangulia. Waliolazwa walikuwa 17. Wote walipona.

Sisi hatuviweki viazi kwenye mifuko inayoonyesha ndani, ingawa vingependeza. Nawe nyumbani viweke gizani, mahali pa baridi penye hewa. Kumbuka mwanga wa taa nao ni mwanga. Doa dogo la kijani, likate kwa unene, pamoja na nyama yake. Chipukizi fupi kwenye kiazi kilicho kigumu bado, chimbua jicho lote. Kikiwa kijani kila upande, kimesinyaa, au kimeota kama kina haraka ya kurudi shambani, kitupe, wala usiwape mifugo maganda yake. Na ukitafuna ukasikia uchungu au koo kuwaka, tema, uache sahani hiyo hata kama wageni wanakutazama.

Kikipita kijani mikononi mwetu kikafika kwako, tuambie tukubadilishie. Picha ya simu inatosha. Kiazi chenyewe unaweza kukitupa.