Tusimpake Ally Anderson uchawi asiokuwa nao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua nieleze jambo linalonikera kila ninaposoma habari za wanamichezo wenyeji wa asili wa Australia. Mwandishi akishataja asili ya mchezaji, sentensi inayofuata huwa ni ya kipaji cha kuzaliwa, miguu yenye uchawi na macho ya kisogoni. Sifa hizo zinanoga, lakini humfutia mtu jasho lake, na sijui aliyefutiwa zaidi kuliko Ally Anderson, kiungo wa Brisbane Lions.

Anderson ni wa watu wa Gangulu, ambao ardhi yao iko katikati ya Queensland. Ligi ya wanawake ya mpira wa Australia (si soka, bali mchezo wake wa pekee wa kushika mpira na kuupiga) ilipoanza Februari 2017 ikiwa na timu 8, alikuwamo katika kikosi cha kwanza cha Brisbane, na akabaki hapo hapo hata timu mpya zilipoingia na kuwachukua wenzake, wengine North Melbourne, wengine Gold Coast. Mwaka ule wa kwanza malipo ya chini yalikuwa dola 8,500 za Australia kwa msimu mzima, kwa hiyo wengi walitoka kazini jioni ndipo wakaenda mazoezini. Hadi kufikia msimu wa pili wa 2022 (mwaka huo ligi ilichezwa mara mbili) kima hicho kilikuwa kimepanda hadi dola 39,184.

Nafasi anayocheza haina mapambo. Mwamuzi hurusha juu mpira wenye umbo la yai, warefu wawili wakaurukia, na ukianguka chini hukuta miili sita au minane ikiugombania mahali pasipotosha chumba kidogo. Anderson ndiye anayeinama. Huuokota huku ameshikwa kiuno, kisha, kwa kuwa sheria hairuhusu kuurusha, huulaza kwenye kiganja kimoja na kuupiga ngumi kwa mkono wa pili umfikie mwenzake aliye huru. Mwenzake akifunga bao la pointi 6, kamera humfuata mfungaji, na aliyeinama hubaki anajiinua kutoka kwenye nyasi.

Waliomwona vizuri ni waamuzi, pengine kwa sababu wao husimama palepale. Ndio wanaopiga kura kila baada ya mechi, wakiwapa wachezaji watatu kura 3, 2 na 1. Katika msimu huo wa pili wa 2022, Anderson alikusanya kura 21 katika mechi 10, na akawa mwenyeji wa asili wa kwanza kutwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi hiyo. Siku chache baadaye timu yake ilishindwa na Melbourne katika fainali kwa pointi 4, tena kwenye uwanja wake mpya wa Springfield. Fainali za 2017 na 2018 nazo ilikuwa imezipoteza kwa pointi 6 kila moja, yaani bao moja tu. Ubingwa aliupata 2021, akaurudia 2023. Mtu anayerudi kila msimu baada ya kushindwa kwa tofauti kama hizo, mimi siwezi kumwandikia uchawi.

Sikatai kwamba wapo wanaoinua watu vitini. Courtney Hodder wa timu hiyo hiyo, mwenyeji wa asili wa watu wa Noongar, ni mmoja wao. Lakini yeye alitokea kwenye raga, na wepesi ule wa kukwepa mikono ya wapinzani una historia ya mazoezi nyuma yake.

Kuna na hili la majina. Bara lile lilikuwa na lugha zaidi ya 250, na kila lugha na wenyewe. Kusema "mwenyeji wa asili" ukaishia hapo ni sawa na yule mgeni anayetuita sote "Waafrika" kisha akafunga daftari, na tunajua tunavyojisikia tukisoma habari ya namna hiyo.

Kwa hiyo naomba, siku Anderson atakapotajwa katika kurasa zenu za michezo, aandikwe kuwa ni Mgangulu na kwamba ni kiungo, kisha tuelezwe siku hiyo aliinama mara ngapi na mpira aliupeleka kwa nani.

Wenu,
Msomaji wa kurasa za michezo